Msiba wa Betri ya Kwemshunga

Bartholomeo Komba hakuwa mwizi. Hilo alilisema mwenyewe mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Mwizi, kwa maelezo yake, huchukua mali mwenyewe akiwa amelala. Yeye huchukua mwenyewe akiwa macho, amekubali, ameshukuru, na ikiwezekana amemsindikiza hadi barabarani. Tofauti hiyo aliiona kubwa sana. Polisi wa Lushoto walikuwa hawajaiona bado, lakini Bartholomeo aliamini kwamba elimu ya watu wazima inaendelea kuenea nchini.

Alikuja milimani kutoka kwao Songea kuchuma chai upande wa Mponde. Alichuma siku tisa, ya kumi akagundua kuwa majani yanaota tena nyuma yake, akaacha. Tangu hapo amekuwa fundi saa, fundi redio, mtaalamu wa mbegu na, kwa nusu siku moja yenye misukosuko, daktari wa ng'ombe. Katika pitapita hizo akapata Pijo, pikapu kuukuu yenye rangi ya mtindi. Namna alivyoipata ni habari ndefu, na mwenye gari wa kwanza hapendi isimuliwe.

Pijo ilikuwa na kasoro moja tu: haikuwa na betri. Mwaka ule wa themanini na mbili, ambapo watu walipanga foleni kwanza na kuuliza baadaye kinauzwa nini, betri ya gari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Bartholomeo aliandikisha jina kwenye duka la mkoa, akaambiwa yeye ni wa mia mbili na kumi na nne, na orodha haijaanza kusogea. Basi kwa miezi saba aliishi kwa mteremko. Akifika mahali huegesha gari pua ikitazama bondeni; akitaka kuondoka huachia breki, gari likabingirika, akatia gia, likakohoa na kuwaka. Marafiki aliwachagua kwa mteremko. Hata kanisa alihama, kwa sababu lile la kwanza lilijengwa mahali tambarare.

Lakini mzigo haubingiriki kwa hiari. Mwezi wa tano Pijo ilizimika na kabichi za watu kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, kabichi zikaoza zikitazamana naye siku tatu, na tangu hapo hakuna mkulima aliyempa hata fungu la karoti. Bila mzigo hakuna chakula. Bila betri hakuna mzigo. Bartholomeo alikwisha kuona kuku wa jirani wakiikagua Pijo kwa macho ya wapangaji, na jambo hilo lilimuuma kuliko njaa yenyewe.

Ndipo Alhamisi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeifunika milima yote kwa siku ya nne mfululizo, akapanda hadi kijiji cha Kwemshunga, juu kabisa ya Mlalo. Alikuwa na miche minne ya sabuni chini ya kiti, na nia ya kuibadilisha kwa chochote kinacholika. Aliegesha kwenye mteremko wa zahanati, akashuka, akaona jambo la ajabu.

Watu kama thelathini walikuwa wamekaa barazani wakiitazama redio. Redio ilikuwa kimya. Juu ya paa kulikuwa na kioo cheusi kipana, kilichoinamishwa kuelekea jua ambalo halikuwepo. Kutoka kwenye kioo waya zilishuka hadi ndani, zikaingia kwenye kisanduku cha bati ukutani, na chini ya kisanduku, juu ya kigoda, ilikaa betri kubwa, nyeusi, safi, nene kama ng'ombe wa mnada. Kwenye kisanduku iliwaka taa ndogo nyekundu.

Bartholomeo alimeza mate.

Alikijua kisanduku kile. Mwaka uliopita alipata kibarua cha kumshikia ngazi mzungu mmoja aliyefunga umeme wa jua kwenye misheni fulani, na kwa siku tatu alimsikiliza akieleza, kabla ya kuondoka na bisibisi yake. Kazi ya kisanduku ni kuilinda betri. Jua likikosekana na watu wakaendelea kutumia, nguvu hushuka. Ikifika volti kumi na moja na kitu, kisanduku hukata umeme chenyewe na kuwasha taa nyekundu, kwa sababu betri ikinyonywa hadi tone la mwisho hufa na haifufuki. Betri iliyokatwa hivyo ni nzima. Imewekewa akiba, tena akiba ya kutosha kabisa kuzungusha stata ya Pijo. Jua likitoka saa moja tu, kioo kitaijaza, taa itageuka kijani, na redio itaanza kusema yenyewe mbele ya kadamnasi.

Kwa hiyo ilikuwa lazima jua lisitoke. Bartholomeo alitazama juu, akaona weupe mtupu, akamshukuru Mungu kwa hali mbaya ya hewa.

"Shikamooni wazee wangu!"

"Marahaba," waliitikia. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Fanueli, mrefu, koti la suti juu ya sweta, alinyanyuka kumpa mkono. "Karibu, ndugu. Umetukuta tunasubiri matangazo ya vifo. Tangu juzi hatujui nani amekufa. Watu wanaweza kuwa wanakufa huko na sisi tunalima tu, bila adabu."

"Redio ina nini?"

"Redio haina neno. Ni pale," alisema mwanamke mzee aliyekaa mlangoni akichambua maharage. Huyo alikuwa Bi Tatu, mkunga wa kijiji na mtunza betri kwa azimio la Halmashauri. Alikalia kitu cha mraba kilichofunikwa khanga iliyochakaa. "Taa imekuwa nyekundu. Ni kwamba ile betri, jua lisipo..."

"Usiseme, mama," Bartholomeo alimkata, mkono juu. "Usinieleze. Mimi ni fundi. Naona mwenyewe."

Bi Tatu alifunga mdomo. Alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu kwa maelezo wasiyoyataka.

Bartholomeo alipiga goti mbele ya betri. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaiwekea sikio. Akavua kofia. Aliigusa juu, polepole, mahali ambapo mtu angekuwa na paji la uso, kisha akawageukia wote.

"Poleni sana," alisema. "Imekufa."

Mzee Fanueli alimtazama Bi Tatu. Bi Tatu alitazama maharage. Katibu wa kijiji, Issa, ambaye kalamu yake haikuwahi kukaa mfukoni, aliitoa.

"Imekufa?" aliuliza Bi Tatu taratibu. "Hii?"

"Hii hii, mama. Ilikata roho juzi, kati ya saa saba na saa nane."

"Masikini. Saa ya matangazo."

"Na sitaki kuwatisha," aliendelea Bartholomeo, ambaye hakutaka kitu kingine, "lakini betri iliyokufa hutoa hewa. Haina rangi, haina harufu. Mahali wanapozalishwa akina mama! Inatakiwa ipelekwe Tanga kwa wataalamu, leo hii. Usafiri ndio taabu, najua. Basi mimi nitaibeba mwenyewe. Bure. Sitaki hata asante. Nafanya kwa ajili ya taifa."

"Betri iliyokufa," alisema Mzee Fanueli, akiyapima maneno, "unaweza kuifikisha Tanga. Bure."

"Bure, mwenyekiti."

Macho ya mzee yalimeremeta. Bartholomeo alikwisha kuyaona macho ya namna ile mara nyingi, kila mara usoni mwa mtu anayekaribia kuachia kitu, na hakuwa na shaka kuhusu maana yake.

"Mungu akubariki," alisema Bi Tatu. "Ila fundi, kwetu huku mtu akija kwenye msiba haji mikono mitupu."

"Msiba gani?"

"Si umesema imekufa?"

Watu thelathini walimtazama. Bartholomeo alikuwa ameanza mwenyewe, tena kwa kuvua kofia. Alikwenda garini akaleta miche miwili ya sabuni, akaikabidhi kwa mikono miwili kama rambirambi. Bi Tatu aliinusa kwa upendo. Miezi mitatu kijiji kilikuwa kinafua kwa majivu.

"Ahsante," alisema, akichungulia mlango wa Pijo ulioachwa wazi. "Na ile mingine miwili iliyobaki chini ya kiti, ni ya msiba upi?"

Aliileta pia. Miche minne ya sabuni kwa betri nzima, alijipigia hesabu, bado ni dhuluma nzuri.

"Sasa," alisema Mzee Fanueli, akijifunga kifungo cha koti, "mali ya kijiji haitoki bila kikao."

Naam. Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa kwenye kikao cha Halmashauri ya kijiji enzi zile, una umri mrefu zaidi kuliko waliokaa. Wajumbe waliingia katika chumba cha darasa. Akidi ilitafutwa, ikapungua mmoja, mmoja akafuatwa shambani, akaja, akaenda kunawa miguu. Bartholomeo aliwekwa dirishani kama mwalikwa. Huko nje Bi Tatu alikuwa ameomba ruhusa ya kuiandaa betri pamoja na akina mama wawili wenye nguvu, kwa kuwa, alisema, maiti haitembezwi wazi.

Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao. Ya pili, kuthibitisha kwamba kimefunguliwa. Ya tatu, msiba wa betri. Mjumbe mmoja alisimama akasema kuwa hawezi kuingia kwenye suala la betri kabla ya kugusia historia ya giza. Aliigusia tangu wakati wa Wajerumani.

Bartholomeo alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwembamba. Ng'ambo ya bonde, kwenye matuta ya kabichi, kulionekana doa la manjano, dogo, la jua. Doa lilikuwa linatembea. Lilikuwa linakuja.

"Mwenyekiti," alisema, jasho likimtoka katika baridi ile, "ile hewa niliyoitaja..."

"Tunakuja kwenye hewa," alisema Mzee Fanueli. "Ajenda ya nne: mengineyo. Mbuzi wa mjumbe Mikaeli."

Mbuzi wa mjumbe Mikaeli walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa na kosa lake. Waliwasikiliza wote. Doa la jua likavuka mto. Likapanda kwenye migomba. Bartholomeo aliuma ukosi wa shati lake. Jua lilipofika kwenye uzio wa shule hakuweza tena.

"Nasaini wapi?" alipaza sauti. "Nipeni nisaini! Hewa inapanda!"

Katibu Issa alimsogezea muhtasari, kurasa tatu kwa mwandiko wa kupendeza.

"Soma kwanza, ndugu fundi."

"Nawaamini!"

"Ni utaratibu tu, mtu anatakiwa asome..."

"Ndugu katibu, sisi sote ni wajamaa! Kalamu!"

Akasaini kila ukurasa. Issa akapiga muhuri kwa mpigo uliotikisa meza, akaikunja nakala vizuri na kumtilia mwenyewe mfukoni.

Nje, sanduku la chai la mbao nyembamba, kutoka kiwandani Mponde, lilikuwa tayari limepigiliwa misumari na kuzungushiwa kamba. Akina mama wawili walilibeba wakihema hadi kwenye Pijo, wakiimba polepole wimbo wa kusindikiza. Watu walivua kofia. Mzee mmoja alijifuta jicho, na mabega yake yalitikisika kwa namna ambayo Bartholomeo aliichukulia kuwa ni kwikwi. Hata yeye, moyo wake mgumu ulivyo, aliguswa kidogo. Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, mikono nyuma, akimwangalia.

"Nenda salama, mwanangu. Usitusahau na stakabadhi."

"Siwezi kuwasahau!" alisema, na mara hii alisema kweli. Aliachia breki. Pijo ilibingirika, ikakohoa, ikawaka, ikapotea kwenye kona ya kwanza sekunde chache tu kabla jua halijaufikia ukuta wa zahanati.

Aliimba. Barabara ilijikunja mara kumi na moja kushuka mlima, naye aliimba kila kona, wimbo uleule wa msiba kwa mwendo wa harusi. Chini bondeni, kando ya daraja, kulikuwa na uwanja tambarare ambapo siku za gulio watu huuza vyungu. Siku nyingine zote Bartholomeo aliupita uwanja ule akiwa amekanyaga mafuta kwa hofu. Leo aliingia katikati yake, akasimama, akazima gari.

Alifanya hivyo kwa makusudi. Miezi saba hajasikia gari lake likiwaka kwa ufunguo kama magari ya watu wenye heshima zao. Alitaka aliegeshe mahali pasipo na msaada wowote wa mlima, aweke betri, azungushe ufunguo, asikie ile sauti. Alikuwa na furaha kiasi kwamba machozi yalimlenga.

Aling'oa misumari kwa bisibisi ya mzungu. Akafunua.

Kwanza aliona maganda ya maharage. Yalikuwa yamenasa kwenye vumbi, juu ya betri kuukuu iliyopasuka pembeni, vichwa vyake vimeota ukungu wa kijani. Kitovuni pake palikuwa pamelainishwa, pamebonyea kidogo na kung'aa, kama panavyong'aa kitu kilichokaliwa kwa muda mrefu. Bartholomeo aliiunga hivyo hivyo kwenye Pijo, kwa kuwa binadamu hakati tamaa upesi, akazungusha ufunguo. Pijo haikusema hata "ti".

Ndipo akakumbuka kwamba Bi Tatu, wakati anamuaga, alikuwa amesimama. Hakuwa na pa kukaa.

Alitoa muhtasari mfukoni, akaketi kwenye majani, akausoma, safari hii wote.

"Halmashauri inamshukuru Ndugu Bartholomeo Komba," uliandikwa, "kwa kujitolea kuipeleka Tanga betri ya kwanza ya kijiji, iliyokufa mwaka juzi baada ya wajumbe kuunga waya pembeni ya kisanduku cha ulinzi ili wamalizie kusikiliza mpira, dakika ya themanini na tisa. Kata imetuandikia barua nne kutaka betri hiyo iondolewe, na tulikosa usafiri. Aidha, Ndugu Komba amekubali kuchukua kabichi za kijiji, magunia kumi, pamoja na msindikizaji mmoja. Betri ya pili ni nzima na inasubiri jua."

Chini yake sahihi yake, imepinda kwa haraka. Alikuwa ameambiwa asome. Hilo ndilo lililomchoma: hakuna mtu Kwemshunga aliyemwambia uongo hata mmoja.

Kule juu jua lilikuwa limetanda mlima mzima. Kwa mbali, kutoka zahanati, redio ilianza kusema, wazi kabisa, ikitaja kwa utulivu majina ya marehemu wa nchi nzima. Bartholomeo alisikiliza akitegemea kusikia lake.

Badala yake alisikia miguu. Njia ya mkato kutoka Kwemshunga hushuka moja kwa moja kupita migombani, na kwa njia hiyo walikuwa wanateremka wanaume na wanawake na magunia kumi ya kabichi, Mzee Fanueli mbele, na nyuma yake Bi Tatu amejitanda khanga mpya, kapu mkononi.

"Umetusubiri!" alisema Bi Tatu. "Nilijua utafungua sanduku tu. Ila kuzima gari, hapo umenishangaza. Tulijiandaa kukufukuza mpaka Mlalo."

Bartholomeo hakuinua kichwa. "Mama, mlijua tangu mwanzo?"

"Nilitaka kukwambia, ukaninyamazisha." Aliketi majanini kando yake, akashusha pumzi. "Ile betri ya kwanza tuliiua sisi wenyewe, kwa uroho wa dakika moja. Usiku ule ule nikazalisha kwa kibatari, mtoto akatoka miguu kwanza. Alipona, lakini sitaki tena. Tangu hapo taa nyekundu ikiwaka, Kwemshunga tunakaa, tunasubiri, hata kama ni matangazo ya vifo. Kile kisanduku kinajua kusema basi kabla mambo hayajaisha kabisa." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe, mwanangu, hukufungiwa kisanduku."

Bartholomeo aliukunja muhtasari, akautia mfukoni, akanyanyuka.

Walirudisha betri kuukuu sandukuni, wakapakia kabichi. Wakaiinamia Pijo watu ishirini na watano, kwa msaragambo, kama wanavyolima barabara au kuezeka shule. Wakaisukuma kuvuka uwanja wote, wakaipitisha darajani, ikatetemeka, ikakohoa, ikawaka. Bartholomeo alishika usukani. Alifikiria, kwa sekunde moja, kukanyaga mafuta na kutoroka na magunia kumi, lakini kabla sekunde haijaisha alisikia kishindo nyuma yake. Akatazama kwenye kioo. Bi Tatu alikuwa amekwisha kupanda, amelifunika sanduku la chai kwa khanga yake iliyochakaa, na amelikalia.

"Nina mjukuu Tanga," alisema kupitia dirisha la nyuma, "sijamwona miaka mitatu. Twende."

Walipita Mlalo bila kusimama. Walipita Lushoto, ambapo polisi mmoja aliinua mkono, akamwona bibi, akaamkia na kuushusha. Soni, harufu ya maandazi ya moto ilijaa barabarani, na Bartholomeo, ambaye hajala tangu jana, alipunguza mwendo, mkono ukajiendea wenyewe kwenye ufunguo.

Makofi mawili yaligonga paa la gari.

"Usizime, mwanangu! Hapa ni tambarare!"

"Mama, njaa! Dakika moja tu! Na wewe hujachoka huko nyuma?"

"Mimi?" Bi Tatu alijiweka sawa juu ya sanduku, akatoa maharage kwenye kapu, akaanza kuchambua. "Mimi nina mwaka wa pili nimekalia hapa. Kanyaga mafuta."